Kuhusu huyo rapa wako, mwanangu

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na wimbo nimeusikiliza kwenye simu ya mama yako maana yangu spika imekufa. Unauliza umwingize huyo rapa ubeti wa pili kama prodyuza anavyotaka, au uuache kama ulivyo, halafu ukanitajia Hips Don't Lie ya Shakira na Wyclef Jean, kwamba mbona pale rapa ndo aliupaisha. Sasa ngoja nikwambie, maana huo wimbo umemtajia mtu mwenye kidonda nao.

Nakwambia tangu mdogo, mgeni njoo mwenyeji apone. Rapa akija aje na kitu mkononi. Ila pale mwenyeji nani? Albamu ya Shakira ilitoka Novemba 2005 na wimbo ule haumo kabisa, wakaja kuuchomeka 2006 albamu ilipotolewa upya. Na wenyewe Wyclef alishaufanya 2004 na Claudette Ortiz kwa ajili ya filamu. Kwa hiyo jina la mgeni kapewa mwenye nyumba! Shakira ndo alibisha hodi, na hakuja mikono mitupu, kaja na Kispanyola chake na Barranquilla yao kule Kolombia na kile kiuno cha Kiarabu, maana ukoo wa baba yake asili ni Lebanoni, mpaka wimbo ukashika namba moja Marekani, mara yake ya kwanza. Wyclef Mhaiti na Shakira Mkolombia wakaponyana. Hapo sina ubishi na wewe.

Lakini zile tarumbeta mwanangu. Zile zimechukuliwa kwenye salsa ya Jerry Rivera wa Puerto Rico, ya 1992. Shakira kila mtu anamjua, Wyclef kila mtu anamjua, yule aliyepuliza nani anamtaja?

Unaukumbuka usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, 9 Julai 2006, mgao wa umeme, tumechanga mafuta ya jenereta kwa jirani, sebule imejaa watu mpaka madirishani. Kabla Italia na Ufaransa hawajaanza wakaonyeshwa Shakira na Wyclef pale uwanjani Berlin, na wewe na miaka yako tisa ukaingia katikati ukaanza kucheza, watu wanakupigia makofi, mimi nikakuamuru ukae chini. Kwa sauti ile. Ukakaa. Zidane anampiga Materazzi kichwa cha kifua, nyumba nzima imesimama, wewe umegeukia ukutani.

Mama yako anasema umeshasahau. Mie sijasahau. Watu walidhani nimeona aibu kwa kile kiuno, hapana, na wewe sikuwa na hasira hata chembe. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeuza tarumbeta yangu. Bendi walinunua kinanda, ukibonyeza kinalia tarumbeta, wapulizaji tukaambiwa tupumzike, miaka kumi na nne nimesimama mstari wa nyuma naagwa kama kibarua. Halafu naisikia sauti ile kwenye tivii inang'aa namna ile, dunia nzima inaicheza, nikaona kumbe tarumbeta bado inatakiwa, asiyetakiwa ni mpulizaji. Deni ukalilipa wewe mtoto.

Labda nakosea, manake bila wimbo ule huyo Jerry Rivera ningemjulia wapi, na siku hizi namsikiliza mpaka mama yako anachoka. Kwa hiyo kuchukua nako kunaleta. Lakini basi mtu atajwe jamani, atajwe!

Kuhusu rapa nisiseme, wimbo wako na hela ya studio umetoa wewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, sina lingine. Ingawa pale ubeti wa pili unapomwimba bibi yako na vitumbua vyake alfajiri, mie sioni mtu mwingine anaingiaje hapo akaongeza... haya, nimenyamaza. Nitumie zote mbili, yenye rapa na isiyo na rapa.

Na hizo tarumbeta ulizoweka mwanzo, kapuliza mtu au kinanda? Kama kinanda, mdomo wangu bado upo, wewe tafuta tarumbeta ya kuazima tu, Jumamosi napanda basi nakuja.

Baba yako