Maiti hasemi ahsante: jibu kwa ndugu aliyechoka kujitolea

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Unasema miaka mitatu sasa unapika uji wa wagonjwa bure, ulianza ukiamini kuwahudumia watu ni njia ya kumkaribia Mungu, na leo unajikuta umejaa hasira. Wauguzi hawakusalimii, wagonjwa wanalalamika uji mwepesi, hata swala zako zimekuwa nzito. Unauliza kama njia hiyo ipo kweli au tulidanganyana. Wenzangu wamekujibu kwa hoja za dini na aya. Mimi elimu hiyo sina, nitakujibu kwa kazi ninayoifanya, nayo ni kuosha maiti.

Naosha hapa Tanga tangu 2009. Si ajira, mchana nauza vipuri vya baiskeli. Kwetu Waislamu kumwosha maiti ni fardhi kifaya: wakitokea wa kuifanya, mtaa mzima umesalimika; wasipotokea, dhambi ni ya wote. Kwa hiyo kila mtaa una watu wake wawili watatu wanaogongewa mlango saa tisa usiku ili wengine waendelee kulala. Sikuingia kwa uchamungu. Alifariki baba yangu mdogo, mwosha akakosa mtu wa kumimina maji, akanipa kopo.

Kwa asiyejua, chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa ufuo wa kupokea maji. Marehemu anafunikwa kuanzia kitovuni hadi magotini, na nguo ile haiondolewi. Unamwinua kidogo, unampapasa tumbo taratibu ili kilichobaki kitoke, unamsafisha kwa kitambaa ulichojiviringia mkononi, unamtawadhisha, kisha unaanza upande wa kulia. Mafunzo haya tunayapata kwa Ummu Atiyya, mwanamke katika masahaba, aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) siku binti yake alipofariki: muosheni mara tatu, au tano, au zaidi mkiona haja, kwa maji na mkunazi, na mwisho mtieni kafuri. Huku kwetu kafuri tunaiita karafuu maiti. Majani ya mkunazi ukiyatwanga na kuyapiga kwenye maji yanatoa povu kama sabuni. Baada ya hapo ni sanda, nguo 3 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke.

Sasa, katika yote hayo anayehudumiwa hatamki neno. Maji yakiwa ya baridi halalamiki, ukimfanyia vizuri hasemi ahsante. Mwaka wa kwanza nikadhani kwa sababu hiyo nimeshaipata ikhlasi, yaani kufanya kwa ajili ya Mungu tu. Nilijidanganya. Nafsi haikosi mahali pa kula. Yangu ilikuwa inakula barazani.

Mwaka 2013 tulimwosha kijana aliyeopolewa baharini baada ya siku kadhaa. Wasaidizi wawili walitoka nje kutapika, mimi nikabaki. Jioni kwenye kahawa nikasimulia. Jina sikulitaja, lakini mtaani nani asiyejua tumemzika nani? Nikaeleza hali ya mwili, nikaeleza nilivyojikaza. Watu wakaniambia mashaallah, wewe mwanamume. Usiku ule nililala usingizi mtamu.

Asubuhi baada ya alfajiri maalimu aliyenifundisha akaniita pembeni. Hakuniuliza kama nimesema. Aliniuliza, "Mama yake yule kijana yu hai?" Nikamjibu yu hai. "Basi ameshasikia."

Yeye kila tulipokuwa tunaingia chumba cha kuoshea alikuwa akitukumbusha hadithi isemayo kwamba mwenye kumwosha maiti akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe mara arobaini. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi hata sikuisikia tena. Siku ile alininyang'anya kitambaa cha mkono. Mwaka mmoja na nusu kazi yangu ikawa kuchimba ufuo, kuchemsha maji, kubeba ndoo hadi mlangoni na kusugua kitanda watu wakishaondoka. Vijana niliowafundisha mwenyewe wakawa wanaingia ndani, mimi niko nje na moshi wa kuni.

Hasira yako, mkuu, ndipo nilipoijua. Nilikuwa nahesabu ndoo. Leo kumi na mbili, juzi tisa, na fulani ndani kule anamwaga maji kama bomba la serikali. Nilitaka kuacha, na kilichonizuia haikuwa imani; nilikuwa naona haya kuulizwa sababu.

Halafu siku moja, wala siikumbuki ilikuwa msiba wa nani, nilijikuta nimeketi nje, kazi imekwisha, na sikuwa nimehesabu. Sikuona nuru wala sikuota ndoto. Ukinitaka nikueleze njia ya kiroho, kubwa kuliko hilo sina.

Kuna aya wachangiaji wawili wameileta hapo juu, ya tisa katika Sura Al-Insan, ya wale wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa wakisema hawataki malipo wala shukrani. Wote wameisoma kana kwamba watu wale walikuwa wanawatangazia maskini. Wapo wafasiri wa Qur'ani wa zamani, akiwemo Mujahid, waliosema maneno yale hayakutoka midomoni mwao kabisa. Mungu aliyajua yamo moyoni, akawasifu kwayo. Wewe kama una haja ya kumwambia mtu kwamba hutaki shukrani, bado unaitaka.

Ile methali ya mwosha huoshwa, nayo sipendi kuambiwa. Najua watu wananipa moyo, lakini ukiosha ili uje uoshwe hiyo ni biashara, tena ya mkopo.

Habari ya bahasha za pesa anazopewa mwosha, mlizobishania hapo juu: wanavyuoni wanaruhusu ujira wa mwosha kutolewa katika mali ya marehemu, kwa hiyo anayepokea msimseme. Maalimu alikuwa hapokei ila kipande cha sabuni. Mimi kukiwa mbali napokea nauli.

Aliyesema huduma ndiyo ibada yenyewe na swala ni ziada, hapo sikubaliani naye. Swala ndiyo mahali pekee ninapojua siku hiyo nimeosha kwa ajili ya nani. Nikiinuka kwenye sijda nikiwa bado nawaza waliokuwepo kule msibani, jibu nimeshalipata.

Nimewahi kumwosha mtu aliyenidhulumu laki mbili na themanini za vipuri. Wenye msiba hawakujua. Nikawa namshika kwa upole kuliko wote niliowahi kuwashika, maana nilikuwa najichunga mkono. Nilipofika kwenye nywele nikamwekea kiganja chini ya kisogo ili kichwa kisigonge ubao. Mkuu, ukishika kisogo cha mtu namna ile, laki mbili zinakosa pa kukaa.

Kwa hiyo usiache. Ila omba wakutoe kwenye ugawaji, wakupeleke kuosha masufuria, miezi mitatu hivi, mahali ambapo hakuna mgonjwa anayekuona wala muuguzi wa kukusalimia. Hasira ikiendelea huko, utajua haikuwa ya wauguzi. Na huo uji, kabla ya yote, uonje. Inawezekana kweli ni mwepesi.

Umeuliza pia kama nyumbani wanatuelewa. Mke wangu mwaka wa kwanza alikuwa ananiwekea ndoo na sabuni uani, sivuki kizingiti kabla sijaoga. Kuoga baada ya kuosha ni sunna, kwa hiyo sikuwa na la kujitetea. Siku hizi anaweka ndoo anarudi kulala. Ila vidonge vya kafuri kabatini hatuweki hadi leo. Mende wanatuonea sana, lakini harufu ile sitaki kuikuta kwenye kanzu ya kwendea harusini.