Posdoki ya MRI na usonji: anza na kichwa kinachocheza

Mkuu, umesema umemaliza uzamivu wa saikolojia, umepata mkataba wa posdoki (utafiti wa baada ya uzamivu) wa miaka miwili kwenye maabara inayopiga picha ubongo wa watoto wenye usonji kwa MRI (mashine ya sumaku), na unataka kujua ujifunze programu ipi kabla hujaripoti. Programu utazimudu. Ukiwa unaielewa Linux, wiki chache na fMRIPrep, programu ya kuandaa na kusafisha picha hizi, zinatosha. Kinachoua miradi ya aina hii ni kichwa cha mtoto kucheza ndani ya mashine, na hilo programu peke yake haiponyi.

MRI ya utendaji hupima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, nayo ni madogo, mara nyingi asilimia chache tu au chini ya hapo. Kichwa kikisogea hata nusu milimita, ishara kwenye kingo za ubongo inaweza kubadilika kuliko kile unachokitafuta. Na kosa lenyewe lina mpangilio: linapandisha uhusiano wa ishara (ndio huitwa muunganiko) kati ya maeneo yaliyo jirani na kushusha ule wa maeneo yaliyo mbalimbali. Sasa kumbuka dai lililovuma miaka mingi kuhusu usonji: miunganiko ya mbali ni dhaifu, ya karibu imezidi. Ni picha ile ile! Na watoto wenye usonji, kwa wastani, hucheza zaidi kuliko wenzao wa kundi linganishi. Makala zilizotoka 2012 zilipoonyesha athari hii, kazi nyingi za nyuma zilibidi ziangaliwe upya. Dai halijafa lote, ila ukilileta leo bila kuonyesha ulivyodhibiti kucheza kwa kichwa, wahakiki hawatakuelewa.

Usidhani picha za umbo zimesalimika. Picha ya T1, ile ya kawaida ya umbo la ubongo, iliyotikisika kidogo, ambayo kwa macho unaiona safi, hufanya gamba la ubongo lipimwe kuwa jembamba kuliko lilivyo. Unaweza kuripoti "gamba jembamba" kumbe mtoto alikuwa anajikuna.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya siku ya kipimo. Mtumie mzazi sauti za mashine ili mtoto azisikie nyumbani, kwanza chini chini, kisha kwa nguvu. Mlete kwenye mashine ya mfano, ile isiyo na sumaku, dakika 20 hadi 30. Weka katuni inayosimama yenyewe kichwa kikisogea. Watoto wengi wanaelewa mchezo huo haraka. Mwingine atahitaji kurudi mara mbili au tatu, na bajeti yako iwe imeliona hilo. Nywele ziulizie kwenye simu ya kwanza: rasta nene au mabutu ya juu hayaingii kwenye koili ya kichwa (kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea ishara), na vibanio au nyuzi za chuma haviruhusiwi kabisa. Kumwambia mama afumue siku ya kipimo, baada ya saa tano za kusuka, ni kumpoteza mshiriki.

Siku yenyewe: vizibo vya masikio na juu yake hedifoni, maana kelele inapita desibeli 100. Sponji pande zote mbili za kichwa, zibane bila kuumiza. Anza na kipimo unachokihitaji kuliko vyote, kwa sababu baada ya dakika 20 utulivu unaisha. Katuni iwekwe wakati wa T1. Kwenye kipimo cha mapumziko, ambapo mtoto hapewi kazi yoyote, amua mapema, filamu au alama ya msalaba ya kutazama, na usichanganye ndani ya utafiti mmoja: ubongo unaotazama filamu haufanani na ule unaotazama msalaba.

Fremu moja, yaani picha moja ya ubongo mzima, ikichukua sekunde 0.8, dakika 10 zinakupa fremu 750. Kucheza kwa fremu hadi fremu huhesabiwa kwa kujumlisha misogeo mitatu na mizunguko mitatu, mizunguko ikigeuzwa milimita kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 50. Wakali hukata kila fremu inayozidi milimita 0.2, wapole 0.5. Ukikata 300, unabaki na dakika 6 safi, na chini ya 5 wengi humtoa mshiriki. Angalizo: kwenye vipimo vya haraka hivi, kupumua nako huonekana kama kichwa kinasogea, hivyo chuja mawimbi ya pumzi kabla ya kukata, la sivyo utatupa data nzuri.

Hapa ndipo penye mtego usiozungumzwa vya kutosha. Ukiwatoa wote waliocheza, waliobaki ni watoto wanaoongea vizuri na wenye dalili nyepesi. Umesafisha data, lakini umebadilisha swali. Linganisha alama za ADOS (kipimo cha dalili za usonji) na IQ za waliotolewa na waliobaki, na jedwali hilo liwe ndani ya makala, si kwenye viambatisho.

Kama maabara inapima wachanga, mambo ni mengine. Hupimwa usiku wakiwa wamelala usingizi wa kawaida, bila dawa. Karibu na miezi 6, mada nyeupe na mada ya kijivu hulingana rangi kwenye T1 kwa sababu miyelini (mafuta yanayofunika nyuzi za neva) bado inajengwa, na FreeSurfer, programu ya kupima gamba, ya watu wazima inatoa takataka. Chukua T2 pia, aina nyingine ya picha ya umbo, na utumie programu za wachanga.

Kabla hujasafiri, pakua ABIDE, hazina ya picha za ubongo za watu wenye usonji na wasio nao. Ni bure ukijisajili. Awamu ya kwanza, ya 2012, ina watu 1,112 kutoka vituo 17, kati yao 539 wana usonji. Usivichanganye vituo vyote mara moja. Mashine ni tofauti, na kwingine walifumba macho, kwingine walifumbua. Chukua kimoja, kisafishe, halafu chora grafu: mhimili wa chini umbali kati ya maeneo mawili ya kila jozi, wa juu uhusiano kati ya kucheza kwa kichwa na nguvu ya muunganiko wa jozi hiyo. Mstari ukilala bapa karibu na sifuri, endelea kulinganisha makundi. Ukianzia juu kushoto na kushuka kulia, uchafu bado umo. Rudi kwenye usafishaji, na ukikwama weka hiyo grafu hapa tuitazame.