Re: Je, inafaa kwenda kwenye kumbukumbu ya tsunami Thailand?

Dada, umesema unaenda Bangkok kununua vitambaa, una siku mbili za kupumzika Khao Lak, pwani ya Thailand iliyopigwa na tsunami, na unaogopa kuonekana kama mtu anayetalii msiba wa wenzake. Nenda. Ila nenda polepole.

Mimi nilianzia Bang Niang, hapohapo Khao Lak, kwenye boti ya polisi namba 813. Mawimbi ya tarehe 26 Desemba 2004 yaliitupa zaidi ya kilomita 1 ndani ya nchi kavu, na hadi leo iko palepale, chuma kizima katikati ya majani. Ukigeuka kutafuta bahari, huioni. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kisha panda gari kuelekea kaskazini hadi Ban Nam Khem, kijiji cha wavuvi. Kuna ukuta wa zege uliopinda kama wimbi linalotaka kukufunika, na mkabala wake ukuta wenye majina ya marehemu, mengine yana picha. Kuna familia zinazobandika maua pale, kwa hiyo picha za simu piga za ukuta, watu waache. Fika asubuhi, jua la mchana ni kali sana.

Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunajua. Lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani Kivu, na mawe yake meusi ndiyo tumejengea nyua zetu. Wetu hawana ukuta wa majina. Mbele ya ule wa Ban Nam Khem niliwataja wangu kwa sauti ndogo, mmoja mmoja. Hakuna aliyenishangaa.