Filimbi ya Jeremy

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa miaka 13 amemaliza kusoma riwaya ya Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry, na tangu juzi amenuna. Hasira zake haziko kwa wale wazungu waliotaka kumnyonga T.J., kijana mweusi rafiki yake Stacey. Ziko kwa baba yake Stacey, mtu mweusi aliyemkanya mwanawe urafiki na Jeremy, mtoto wa kizungu asiye na kosa. Anasema huo nao ni ubaguzi. Nimekosa la kumjibu. – Mzazi

JIBU: Marahaba. Mwambie uchungu wake naujua. Mara ya kwanza nilipofika kwenye ile Krismasi nilikifunga kitabu. Jeremy kaja nyumbani kwa kina Stacey na karanga za kumpa mama yake Stacey, na filimbi aliyomtengenezea Stacey kwa mikono yake. Ni yule yule anayetembea na Stacey na wadogo zake njiani kwenda shule, na mikononi ana alama za viboko vya baba yake kwa sababu hiyo hiyo. Halafu Baba anasema urafiki huo hauna mwisho mwema!

Lakini mrudishe binti siku ya kwanza ya shule, mwaka 1933, Mississippi. Little Man, mdogo wake Stacey, mtoto wa miaka 6 anayependa usafi kuliko kitu chochote, anapewa kitabu kichafu kilichochakaa. Ndani ya jalada kuna orodha: kimeshapita mikononi mwa wanafunzi weupe mara 11, na mara ya 12, hali yake ikiwa mbovu kabisa, ndipo kinaandikiwa mtoto mweusi. Anakitupa chini na kukikanyagakanyaga. Anachapwa.

Baba hakuiandika orodha ile. Anamsomea mwanawe tu. Hasemi Jeremy ni mbaya. Anasema miaka michache ijayo Jeremy atajiona mwanaume, na Stacey atabaki kuwa boi machoni pake. Mahakama Kuu ya Marekani haikupiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi hadi 1954, kwa hiyo mzee huyu alikuwa anaongea na mtoto ambaye sheria yenyewe ilikuwa dhidi yake.

Kisha mtazame T.J. Anajikomba kwa R.W. na Melvin, kaka zake Jeremy, akidhani amepata marafiki. Wanamwingiza katika wizi wa dukani, wao ndio wanaowapiga wenye duka, na umati unakuja kumtafuta yeye. Maneno ya kijana huyo ndiyo yaliyochangia mama yake Stacey kufukuzwa ualimu. Hata hivyo Baba anachoma pamba yake mwenyewe ili umati ukazime moto na kumwacha T.J. akiwa hai. Muulize binti: huyu ni mtu asiyejua thamani ya urafiki?

Hata hivyo sikubaliani na Baba kwa kila kitu. Zile alama za viboko hakuzihesabu. Jeremy naye alikuwa analipa, na mtoto anayelipa hivyo alistahili zaidi ya kuonywa kwa mbali. Nadhani Stacey alilijua hilo. Hakumrudishia filimbi wala hakuitupa. Aliifunga tena akaiweka kwenye sanduku la vitu vyake anavyovithamini. Mwombe binti aisome tena sehemu hiyo polepole, kisha akwambie kwa nini Stacey aliiweka humo.

Akimaliza, mtafutie Let the Circle Be Unbroken ya mwaka 1981. Humo ndimo kesi ya T.J. inasikilizwa. Msome pamoja.