Rangi ya mafuta ukuta mzima? Mwambie fundi asubiri

Dada, umesema nyumba iko Shangani karibu na bahari, plasta ina wiki mbili na fundi anataka apige rangi ya mafuta ndani nje amalize. Aisee msimamishe. Plasta mpya iache kama siku 28 ikauke, maana rangi ya mafuta inafungia unyevu ndani, baada ya muda ukuta unatoa malengelenge, ukibonyeza kwa kidole linapasuka na ndani unakuta unga mweupe wa chumvi. Kwangu Mikindani ilinitokea ukuta wote wa chini, iliniuma sana. Huo unga ukiuona ufute kwa brashi kavu, usimwagie maji.

Sebuleni weka rangi ya maji, ile ya silki, yenye mng'ao kidogo, kama una watoto kwa sababu inafutika na kitambaa, ila inaonyesha kila bonde kwa hiyo wolputi, ile pasti ya kusawazisha ukuta, ipigwe msasa vizuri. Dari mati, isiyong'aa, inatosha. Nje nunua ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, praima kwanza, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe mikono miwili. Mafuta bakiza ya milango na magrili, na grili mpaka kutu yote itoke ndo upake redi oksaidi, ile rangi ya msingi ya kuzuia kutu, huu upepo wa chumvi wa kwetu hauna huruma na chuma.