Ulimpaka mwanao dawa gani?

Juzi mama mmoja wa Malindi kaniandikia: "Dada, ulimpaka mwanao dawa gani?" Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba miaka 4 nyuma nami nilikuwa nikiuliza hayo hayo.

Binti yangu alikuwa na miaka 9, na asubuhi viungo vyake vilikuwa vikimkaza na kumuuma. Akiamka hushuka ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, na ngazi za nyumba zetu za Amu (Lamu mjini) mwazijua zilivyo kali. Ikifika saa nne viungo vimelainika, yuko ujiani anacheza na wenzake. Hapo ndipo watu waliponimaliza. "Huyo hana ugonjwa, anakwepa chuo cha Kurani tu," alisema wifi yangu mbele ya wageni. Sijasahau. Nami sikuwa bora kuliko yeye. Asubuhi moja nilimvuta mkono avae buibui upesi, akapiga ukelele. Kumshika, kifundo kimevimba, kina moto kama mkate wa mofa.

Tulichua, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Zahanati moja wakaniambia ni maumivu ya kukua. Jamani, maumivu ya kukua huja usiku, miguu yote miwili, kukicha yamekwisha! Ya mwanangu ndiyo kwanza yanaanza alfajiri. Hakuna aliyeniuliza.

Safari za Mombasa naziruka. Boti hadi Mokowe, basi, foleni, damu, rudi tena. Jibu likawa baridi yabisi, ugonjwa wa kuvimba viungo. Ndiyo, ile tunayodhani ni ya mabibi. Kuna ya watoto, inayoanza kabla ya miaka 16, na kiungo kikivimba wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine, usikae nyumbani nacho.

Basi sikilizeni. Mwamini mtoto. Akicheza saa nne haina maana alidanganya saa kumi na mbili. Mwaminini! Dawa tuliyopewa ni ya mara moja kwa wiki, nasi tumeifunga na Ijumaa tusije tukakosea tukampa kila siku. Asubuhi aoge maji ya moto, kisha anyooshe viungo taratibu. Kulala siku nzima kunamkaza zaidi. Chuoni nilimwombea kiti. Na macho apimwe hata kama anaona vizuri, maana ugonjwa huu huweza kuvimbisha ndani ya jicho bila maumivu wala wekundu. Hilo nililijua kwa kuchelewa, nikakosa usingizi mpaka alipopimwa.

Sasa ana miaka 13 na hataki kuulizwa "waumwa?" mbele za watu. Ngazi yetu ina vidato 19, tumevifanya kipimo cha maumivu, kwa hiyo namuuliza, "Leo kidato cha ngapi?" Jana kanijibu, "Cha tatu tu, mama, na usinishike mkono."

Ama dawa ya kupaka, bado namchua kwa mafuta ya nazi usiku, kwa kuwa anapenda. Goti likiwa limevimba na lina moto, siligusi.