Maswali Yenu ya Ligi: Kiporo, Bai na Pointi za Mezani

Haya wakuu, meseji zenu za kuendesha ligi nimezisoma zote, zingine nimecheka zingine nimechoka. Nyingi zinafanana: jambo limeshatokea, watu wameshatukanana kwenye grupu, ndo sasa mnakuja kuniuliza neno fulani maana yake nini. Neno mnakubaliana maana yake kabla mpira haujapigwa. Hilo nitalirudia leo mpaka mnichoke, twende.

SWALI: Tuko timu 9, tunataka ligi ya nyumbani na ugenini. Mechi ngapi, raundi ngapi?

Zidisha 9 kwa 8 upate 72, gawa kwa mbili, 36. Hizo 36 ni mzunguko mmoja, yaani kila timu imekutana na kila timu mara moja. Nyumbani na ugenini ni mizunguko miwili kwa hiyo mechi 72. Na kwa vile 9 ni namba witiri kila raundi lazima timu moja ikae nje, ndo maana mzunguko mmoja kwenu una raundi 9 wakati wenzenu wenye timu 8 wanamaliza kwa raundi 7.

Sasa hapo kwenye raundi na mzunguko ndo watu wanapoumizana. Hata watangazaji utawasikia leo "mzunguko wa 12", kesho "raundi ya 12", keshokutwa "mzunguko wa pili" wakimaanisha nusu ya pili ya msimu. Wao hawadaiwi na mtu, ninyi mnadaiwa. Nimeshaona kanuni imeandikwa "usajili utafungwa mwisho wa mzunguko wa kwanza", nusu ya makapteni wakaelewa wiki ya kwanza, nusu wakaelewa katikati ya msimu, na kila upande una haki. Andikeni: raundi ni ile seti ya mechi ambayo kila timu inacheza mara moja, mzunguko ni pale kila mtu amemaliza kukutana na kila mtu.

Hujaniuliza ila nakwambia, una uwanja mmoja? Mechi mbili kila wikiendi? Basi 72 ni wikiendi 36, na hapo hujaweka mvua wala mitihani wala misiba. Chezeni mzunguko mmoja.

SWALI: Naomba kujua tofauti ya ligi na mtoano.

Hili nimelijibu sijui mara ngapi. Ligi ukifungwa unarudi wiki ijayo, mtoano ukifungwa unarudi kwenu. Timu 16 za mtoano zinamalizwa na mechi 15 tu, na timu 8 kati ya hizo zimelipa kiingilio wakacheza mara moja. Na bonanza siyo ligi, bonanza ni siku moja.

SWALI: Sisi na wapinzani wetu tumemaliza na pointi 19 kila mmoja. Sisi tuliwafunga 2-0 lakini programu ya kuendesha ligi imewaweka wao juu. Programu ina makosa?

Programu haina kosa lolote, imefanya ilichoambiwa na admini wenu, na admini wenu hakuiambia kitu kwa hiyo imefuata ilichokuja nacho, na nyingi zinakuja zimeshapangwa kuangalia tofauti ya magoli kwanza.

Kuna njia kuu mbili za kuwatenganisha waliolingana. Ya kwanza tofauti ya magoli, ya kufunga ukitoa ya kufungwa. Uingereza wanatumia hiyo, ndo iliyowapa Manchester City ubingwa 2012 walipolingana na Manchester United kwa pointi 89, City walikuwa na +64, United +56. Huko huko 1989 Arsenal na Liverpool walilingana pointi 76 na hata tofauti ya magoli ikalingana, +37 kila mmoja, ikabidi waangaliwe magoli ya kufunga, Arsenal 73 Liverpool 65, kombe likaenda kwa Arsenal. Njia ya pili ni matokeo baina yao, nani alimfunga mwenzake walipokutana. Hispania wanaanza na hiyo. Msimu wa 2006/07 Real Madrid na Barcelona walimaliza na pointi 76 wote, Barcelona tofauti yao ya magoli +45, Madrid +26 tu, na bingwa akawa Madrid kwa sababu walipokutana alishinda moja na kutoka sare moja. Chukua msimu ule ule uupeleke Uingereza, bingwa anabadilika.

Kwa hiyo wewe ungekuwa juu kwa njia ya Hispania, uko chini kwa njia ya Uingereza, na kanuni zenu ulizonitumia hazina neno hata moja kuhusu hili. Nimezisoma mara mbili. Zina aya nzima kuhusu rangi za jezi.

Mkichagua matokeo baina yao jueni kuna mtego: wakilingana watatu huwezi kuangalia wawili wawili, A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, mtazunguka hapo mpaka usiku. Unatengeneza msimamo mdogo wa hao watatu peke yao, mechi zao tu, pointi zao kisha tofauti ya magoli yao. Na ngazi ya mwisho iwepo, hata kama ni kura ya bahati nasibu. Kombe la Dunia 2018 Japan na Senegal walilingana kila kitu, pointi 4, magoli manne kwa manne, na wenyewe kwa wenyewe sare ya 2-2. Senegal akatolewa kwa kadi za njano, yeye 6 mwenzake 4. Iliuma lakini iliandikwa kabla. Ninyi mnaotaka kuiga hiyo ya kadi, je, kadi mnaziandika? Maana najua grupu zenu, matokeo yanaletwa na mtu anaandika "3-1" halafu kidole gumba, hata timu gani imepata tatu hasemi.

SWALI: Timu haikutokea uwanjani. Tunaandika 3-0 au 2-0?

Kanuni za FIFA zinampa aliyekuja 3-0. Kwenye kikapu FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni 20-0, wavu ni seti 3-0 na kila seti 25-0. Hayo ndo magoli ya mezani, na pointi tatu za mezani.

Lakini tenganisheni mambo manne ambayo mnayaita yote "mechi haikuchezwa". Kuahirishwa ni uongozi umesogeza kabla ya siku, hicho ndo kiporo, kitachezwa. Kuvunjika ni mechi imeanza ikakatika, umeme, mvua, ngumi. Kutotokea ni timu haipo, au ipo pungufu: sheria za soka zinataka wachezaji 7 angalau kila upande, wakiwa 6 hakuna mechi, na FIBA wanataka watano tayari kucheza ndani ya dakika 15 baada ya muda uliopangwa. Ya nne ni kunyang'anywa, yaani mmecheza mkashinda 4-1 halafu ikaonekana mlichezesha mamluki, mchezaji asiye wenu kihalali. Kila moja ina adhabu yake, au haina kabisa. Ukiyaweka kapu moja, yule aliyekumbwa na mvua atapigwa faini sawa na yule aliyelala.

Na kwenye programu tafuta ile alama ya ushindi wa mezani uibonyeze, usijaze 3-0 kama mechi ya kawaida. Mtu mmoja alijaza hivyo, programu ikamwuliza wafungaji ni nani, akaweka jina la rafiki yake mara tatu ili imruhusu kuendelea. Jamaa akawa mfungaji bora wa ligi bila kuvaa viatu.

SWALI: Bai ni nini na inapewa pointi?

Ni timu kupumzika raundi bila mpinzani. Pointi hapana. Kwenye mtoano wa timu 13 unahitaji bai 3 ili hesabu ifike 16, na waliozipata wanaingia raundi ya pili moja kwa moja, basi.

SWALI: Programu inasema mechi yetu ni saa 14, sisi tunajua saa 8 mchana, timu mbili zimekuja muda tofauti.

14:00 ni saa nane mchana, toa 6. Ila tatizo linakuja asubuhi: programu ikiandika 08:00 wapo watakaoisoma saa nane na wapo watakaoisoma saa mbili. Tangazo la ratiba liandikwe kwa maneno, "saa mbili kamili asubuhi", na mipangilio ya saa ya ligi iangaliwe na admini kabla, programu nyingine zinafuata saa ya nchi zilikotengenezwa.

SWALI: Mtaje programu bora ya kuendesha ligi.

Wa nne mwezi huu. Sitaji, kwa sababu mnachohitaji siyo jina. Angalia vitu hivi tu: inaruhusu admini zaidi ya mmoja? Unaweza kushusha data yako yote kama faili la jedwali na kuondoka nayo? Kapteni anaweza kujaza matokeo na kapteni mwenzake akayathibitisha? Unaweza kubadilisha pointi za ushindi? Hili la mwisho wa soka mnalidharau, ila wa wavu wanajua. Kwenye wavu ukishinda 3-0 au 3-1 unachukua pointi 3, ukishinda 3-2 unachukua 2 na aliyefungwa anabaki na 1. Kikapu ushindi 2, kufungwa 1, kutotokea 0. Programu ya soka ukiilazimishia hizo hesabu msimamo utakuwa wa uongo tangu wiki ya kwanza.

Na hilo la admini nina kidonda changu. Niliwahi kuwa katibu wa ligi ya timu 10, akaunti ilifunguliwa na jamaa mmoja kwa barua pepe yake, paswadi anayo yeye, akagombana na mwenyekiti raundi ya 6 akaondoka kwenye grupu kimya kimya. Msimamo ukaganda. Mechi 25 nikazirudia kwenye daftari kutoka kwenye skrinshoti na meseji za watu, usiku mzima napandisha grupu juu natafuta "tumewapiga ngapi vile". Mechi mbili hazikupatikana mpaka leo. Barua pepe iwe ya ligi, admini wawe wawili na wasiwe wa timu moja.

SWALI: Tumemkamata mchezaji anacheza timu mbili kwa majina tofauti. Tumzuieje?

Huyo anaitwa mamluki hata kama ni mdogo wako. Usajili siyo orodha ya majina kwenye meseji, usajili ni jina, picha ya uso, namba ya jezi na tarehe aliyosajiliwa, na baada ya dirisha kufungwa hakuna kuongeza. Kamishna wa mechi anafungua simu kabla ya mchezo anawaita mmoja mmoja, uso kwa picha, dakika tano. Namba ya simu haithibitishi mtu, ana laini tatu huyo.

Ila na mimi nina ugomvi na wewe. Linki uliyonitumia nimeifungua tu, nikaona vitambulisho vya watu na tarehe za kuzaliwa za watoto wa chini ya miaka 15, hadharani, bila paswadi. Itoe leo. Kinachotakiwa kuonekana na kila mtu ni jina, jezi na timu. Umri wa mtoto anauhakiki mtu mmoja, anaweka tiki, karatasi inarudi kwa mzazi.

SWALI: Tumebakiza viporo vitatu, tuvicheze baada ya raundi ya mwisho?

Mnataka kesi. Juni 1982, Kombe la Dunia Hispania, Algeria walimaliza mechi zao siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani Gijón wakijua kabisa kwamba 1-0 ya Mjerumani inawavusha wote wawili. Goli likaingia mapema, kuanzia hapo ikawa kupigiana pasi za kupoteza muda, Algeria nje. Toka 1986 mechi za mwisho za kundi Kombe la Dunia zinachezwa muda mmoja. Viporo viishe kabla, raundi ya mwisho wote wacheze muda mmoja, viwanja havitoshi azima.

SWALI: Timu imejitoa katikati ya ligi, tunafuta matokeo yake?

Inategemea imecheza ngapi. Utaratibu wa kawaida kwenye ligi nyingi ni nusu: ikijitoa haijafika nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa kama haikuwepo, ikiwa imevuka nusu yanabaki na zilizobaki wapinzani wanapewa mezani. Mna timu 8 mizunguko miwili, kila timu ina mechi 14, nusu ni 7. Yenu imejitoa baada ya 5, futa. Yule aliyewafunga 6-0 atalia, na aliyefungwa nao atasherehekea, hakuna njia isiyomuumiza mtu. Ndo maana sasa hivi, mkiwa mmeshajua nani ananufaika, siwezi kuwaambia "mpige kura". Rudini kwenye kanuni. Kama hazipo, itaneni makapteni wote na mtu wa nje awasimamie, mimi msinitaje.

SWALI: Wafungaji bora wawili wana magoli 11, zawadi apewe nani?

Kombe la Dunia 2010 wanne walilingana magoli 5, Thomas Müller akapewa kiatu cha mfungaji bora kwa sababu alikuwa na asisti 3, yaani pasi za magoli, kuwazidi wenzake. Nanyi mngeweza, kama mngekuwa mnaandika asisti tangu raundi ya kwanza. Msianze kuzikumbuka leo, kila mtu atakumbuka za rafiki yake. Wagawane.